Vita vya Ulaya katika Gereji ya Rachidi

Waridi alifundisha historia katika shule moja ya sekondari ya binafsi huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika mji mkuu, na hakuwa mwalimu wa kupendwa upesi. Alikuwa mrefu, mkali wa macho, na mwanafunzi aliyejibu kwa pupa alirudishwa kitini kwa neno moja: "Fikiri." Wanafunzi walimwita Madamu, kama walivyowaita walimu wote wa kike, lakini yeye walipomtaja hata nyumbani kwao walishusha sauti.

Mwanzoni mwa mwaka 1995 darasa lake la mwisho liligawanyika. Hakuna aliyetoa amri. Rais wa nchi, Mhutu, alikuwa ameuawa na wanajeshi wa Kitutsi Oktoba 1993, mauaji yakafuata milimani, kisha yakaingia mjini, na mitaa ikaanza kubaki na watu wa aina moja: Watutsi huku, Wahutu kule. Buyenzi ilikuwa bado na mchanganyiko wake. Darasani, hata hivyo, Wahutu walihamia upande wa dirisha, Watutsi wakakaa karibu na mlango, na Wakongomani pamoja na watoto wa Kiislamu wa mtaa huo wakajazana katikati kama ukuta.

Somo la mwezi ule lilikuwa sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Mkurugenzi wa shule alimwita ofisini.

"Madamu Waridi, iruke hiyo sura. Mkubwa mmoja anauawa, halafu watu wanaanza kulipiza... Wazazi watasema tunafanya politiki hapa."

"Inaweza kutoka kwenye mtihani wa taifa."

"Na isipotoka?"

"Watakuwa wamejua kitu," akasema Waridi, akaenda darasani.

Alianza na babu yake. Mzee huyo, alisema, alibebeshwa masanduku ya risasi na Wajerumani kutoka hapa hapa, enzi mji ukiitwa Usumbura, akakimbizwa na Wabelgiji hadi mguu ukaoza. Hakuwahi kujua wazungu wale waligombania nini. "Nyinyi mutajua," akawaambia. "Kwa nini vita ilianza?"

Kijana mmoja akainua mkono. "Waliua murithi wa mufalme wa Austria, Madamu. Kule Sarajevo."

"Hilo ni tukio. Nimekuuliza sababu."

Ndipo akawagawia nchi. Huyu Urusi, yule Serbia, wale Ufaransa na Uingereza. Austria akampa Scholastique, msichana Mhutu ambaye familia yake ilikimbia mapigano ya Kamenge, mtaa wa Wahutu, na kujibanza kwa shangazi yake hapo Buyenzi. Ujerumani akampa Melchior, Mtutsi mwenye akili nyingi na maneno machache, ambaye baba yake aliuawa mwaka ule wa 1993.

"Austria na Ujerumani walikuwa marafiki," Waridi akasema. "Mukae pamoja mutayarishe."

Hakuna aliyesogea. Waridi akakunja mikono, akangoja. Mwishowe Scholastique alibeba daftari lake akaenda kukaa kwenye benchi la Melchior, kwenye ncha kabisa, nusu ya mwili wake hewani.

Kila nchi ilitakiwa kusema iliogopa nini. Urusi iliogopa kudharauliwa kwa mara nyingine. Ufaransa iliogopa jirani anayeongeza majeshi. Jirani naye alikuwa akiongeza majeshi kwa kuogopa kuzingirwa. Somo lilikuwa limefika hapo wakati mji ulipofungwa.

Watu waliita siku hizo vilimorte, mji uliokufa. Vijana wa Kitutsi wenye silaha walitupa mawe barabarani, wakachoma matairi, na asiyesikia akapigwa. Shule ilifungwa. Waridi hakukubali. Kaka yake, Rachidi, alikuwa na gereji yenye ukuta na geti la bati, nyuma ya msikiti. Asubuhi ya pili alituma habari: anayeweza kufika kwa miguu, aje.

Wengi walifika, Scholastique miongoni mwao. Melchior alitoka Ngagara, mtaa wa Watutsi, kwa kupitia vichochoro. Walikaa juu ya matairi, juu ya viti vilivyong'olewa kwenye taksi, na Waridi akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kibasi kibovu. Ilikuwa Ramadhani, midomo yake ilikuwa mikavu, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Ujerumani," akasema. "Austria anakuja kwako kabla ya kuipiga Serbia. Unamwambia nini?"

Melchior alisimama. "Namwambia, fanya unachotaka, mi niko nyuma yako."

"Chochote?"

"Chochote." Akafikiri, akiwa anatazama sakafu yenye mafuta. "Sasa Austria hana haja ya kuwaza tena, Madamu. Nimemwondolea woga. Labda bila mi angeongea na wale wa Serbia."

Geti likagongwa kwa chuma.

Rachidi alichungulia, akarudi na uso uliobadilika. "Dada, ni wale wa barabarani. Wana gurunadi."

Waridi alifuta chaki mikononi, akaenda mwenyewe, akafungua geti kiasi cha upana wa mwili wake na kusimama pale.

"Kuna watu gani humu?" akauliza kijana wa mbele.

"Wanafunzi."

"Wa aina gani?"

"Wa darasa la mwisho."

"Mama, usituchezee. Tunataka yule musichana wa Kamenge. Mupe njia atoke, wengine hatuna shida nao."

"Nina shida mi," akasema Waridi. "Kila aliye humu ameingia kwa neno langu. Hatoki mutu."

Kijana akainua mkono ulioshika bomu, ile gurunadi. Waridi alinyoosha mkono akashika bati la geti. Hapo akasikia mtu nyuma yake, na Melchior akapita chini ya mkono wake hadi nje. Aliyeshika gurunadi alikuwa kaka wa damu wa Melchior.

"We? Unafanya nini na hawa?" kaka akashangaa. "Toka, nenda nyumbani."

"Siendi."

"Umesahau baba?"

"Simusahau. Lakini hakuuawa na huyu." Melchior akamsogelea. "Kila siku unasema unafanya hii kwa ajili yangu na mama. Mi sikukutuma. Ukiingia, usitaje jina langu tena. Na utanikuta ndani, nimekaa karibu naye."

Akageuka, akaingia, akakaa juu ya tairi pembeni ya Scholastique. Msichana alikuwa ameziba uso. Mmoja mmoja, wengine wakasogeza matairi yao, wa dirishani na wa mlangoni, hadi ikawa vigumu kuona yupi ni yupi.

Pale getini kaka yake Melchior aliyaona hayo, akatema mate chini na kuwaambia wenzake waende. Mmoja wao, asitake kuondoka bure, alirusha jiwe juu ya ukuta likavunja kioo cha gari la mteja. Rachidi akalaani kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi.

Waridi alifunga geti. Alihitaji kukaa, na akakaa, kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi. Alipopata pumzi aliinuka, akaokota chaki. "Urusi," akasema, "we ulifanya nini?" Somo likaendelea hadi adhuhuri. Baadaye alimsindikiza Scholastique hadi mlangoni kwa shangazi yake, wakitembea katikati ya barabara.

Mwisho wa Machi mauaji yaliingia Buyenzi yenyewe. Scholastique na shangazi yake walivuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Wakongomani, na alimalizia masomo huko. Mama yake Melchior alimpeleka kwa ndugu zao katika mji wa Ngozi. Melchior na kaka yake hawakusemeshana kwa miaka. Ndugu za Waridi walimsihi ahamie Kigoma pamoja nao. Aliwasindikiza bandarini na mizigo yao, akarudi nyumbani kwa miguu.

Septemba shule ilipofunguliwa, aliingia darasani kabla ya wanafunzi. Walikuwa wachache kuliko zamani. Alisimama mlangoni, akamwonyesha kila mmoja pa kukaa na wa kukaa naye, na mmoja alipouliza kama anaweza kubadilisha, alimwambia hapana.