Kwenda Bungoma kwa Ajili ya Injini ya Kushoto

Nilitoka Kitale kwa sababu ya injini moja iliyokataa kuwaka, na kwa sababu ya mdogo wangu Wafula, aliyeitwa mwizi juu yake.

Ilikuwa injini ya mashua, na mashua ilijengwa kwetu, katika karakana ya Singasinga mmoja, miaka ile baada ya vita, malori ya jeshi yalipokuwa yakivunjwa na kuuzwa vipande. Mimi nilikuwa fundi wa matrekta hapo, kwa hiyo mashua sikuigusa. Ilikuwa ya mbao, na ndani yake zilikaa injini mbili za malori bega kwa bega. Mzee Barasa, mfanyabiashara wa Bungoma aliyeiagiza, alitaka hivyo ili moja ikizimika katikati ya ziwa, ya pili iwarudishe watu ufukweni. Wafula aliajiriwa awe mwendeshaji wake. Baba na mama walipofariki niliacha shule ili yeye na dada yetu Nekesa waendelee, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitembea kifua mbele kama wiki ile.

Kitale injini zote mbili ziliwaka mbele ya macho yetu. Bungoma, ya kushoto ikakataa. Makokha, msimamizi wa Mzee Barasa, akasema Wafula ameuza nyaya nzuri njiani na kufunga mbovu. Habari hii tuliletewa na Njoroge, dereva wa lori lililobeba mashua. Sasa alikuwa ametumwa na Mzee Barasa aende kuichukua airudishe Kitale, na Wafula pamoja nayo, akabidhiwe polisi. Isipokuwa kama injini ingewaka kwanza.

Alfajiri nilipanda lori na mfuko wangu wa spana. Nekesa alinipa viazi vitamu vilivyofungwa katika jani la mgomba.

"Usirudi bila yeye," aliniambia.

Tulipofika Kiminini, Njoroge alisimama kunywa chai. Mimi nilibaki nimesimama kando ya lori, nikilizunguka, nikipiga magurudumu teke.

"Kaa chini, bana," aliniita. "Hilo lori si ng'ombe, halitatoroka."

"Kunywa upesi."

"Chai ya moto hainywewi upesi. Ati unataka niungue ulimi, halafu nani atakuongelesha njiani?"

Aliongea kweli, hadi daraja la mto na kulivuka. Nilisikia labda nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa matope mekundu, na kila lori lilipoteleza nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kana kwamba breki ilikuwa upande wangu.

Adhuhuri tulifika Bungoma. Mashua ilikuwa karibu na ghala la mahindi, juu ya magogo ya mkaratusi. Pembeni yake kililala kitanda cha chuma ilichosafiria, ambacho kwetu ilikuwa imekaa juu yake tangu ubao wa kwanza ulipopigiliwa. Wafula alikuwa ndani ya mashua. Hakuruhusiwa kutoka ila na mlinzi nyuma yake.

"Kaka," alisema, "sikugusa kitu."

"Najua. Washa ya kulia."

Ya kulia ikaitika mara moja. Tukaizima upesi, maana haikuwa na maji ya kuipoza. Ya kushoto ilisema tk, ikanyamaza. Nilikagua betri, ilikuwa na nguvu. Nilikaza kila nati. Nilibadilisha stata, zile mota za kuwashia injini, ya kulia nikaifunga kushoto na ya kushoto kulia. Kulia ikawaka tena. Kushoto, tk. Nilipoinama nisikilize vizuri, mkono wangu uligusa waya mwembamba wa chuma wa kuongezea mafuta, uliotoka injini moja hadi nyingine, nikauondoa mkono mbio. Waya ulikuwa wa moto kama sufuria, na ulitoa moshi kidogo.

"Hata huo ameuharibu," Makokha alisema kutoka chini. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kizungu, na hakutoka pale mchana wote.

"Nyaya za stata ni zile zile za karakana yetu," nilimwambia. "Nazijua."

"Wewe ni ndugu yake. Ulitaka useme nini?"

Jioni nilitembea hadi Kibabii, kwa shangazi yetu, dada ya marehemu baba. Alinipikia ugali wa wimbi na kuku. Nilikula nikiwa nimesimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena.

"We Wanjala, unanichimbia shimo nyumbani," alisema. "Huyo kijana ameiba?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unazunguka nini?"

"Injini haijui kama hakuiba."

Alicheka, kisha akaniwekea mguu wa kuku uliobaki. Sikuweza kuumaliza. Kila nilipofumba macho niliona ule waya mwembamba ukitoa moshi. Kwa nini waya wa mafuta upate moto, hali haukufungwa kwenye betri?

Asubuhi Mzee Barasa mwenyewe alikuja. Alikuwa mpole wa sauti. Aliangalia mashua, akaangalia jua, akasema ipakiwe irudi. Vibarua wakaleta mitaimbo, wakaisukuma kwa nyimbo na matusi hadi ikakaa juu ya kitanda chake cha chuma. Wafula alikuwa bado ndani. Sijui kilichomtuma, nadhani ilikuwa kuaga tu. Alibonyeza kitufe cha kushoto.

Injini ikawaka.

Vibarua walipiga kelele za furaha. Njoroge alitupa kofia juu. Lakini Makokha alipaza sauti kuliko wote.

"Mmeona? Amerudisha alichoficha! Ameona lori limekuja, akaogopa!"

Kelele zikafa. Nikaona nyuso zikigeuka moja moja kumtazama Wafula, na nikaelewa kwamba kuwaka kwa injini kumemfanya mwizi zaidi ya pale ilipokuwa imekufa. Mzee Barasa alitikisa kichwa polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Nilizunguka mashua mara mbili. Ni nini kilichobadilika? Hakuna aliyefungua nati. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa tu. Nikalala chali chini yake. Boliti zilizoshika injini zote mbili zilitoboa sakafu ya mbao, na vichwa vyake vilikuwa vimekanyaga chuma cha kitanda.

Katika lori, nguvu ya betri huenda kwa waya hadi kwenye stata, na hurudi kupitia mwili wa lori, kwa sababu mwili ni chuma. Fundi aliyefunga mashua yetu alikuwa amefunga malori maisha yake yote. Injini ya kulia aliiwekea waya wa kurudi kwenye betri. Ya kushoto aliiacha, akitegemea mwili, na mwili ulikuwa mbao. Kitale, nguvu ilirudi kupitia kitanda hadi injini ya kulia na waya wake. Juu ya magogo haikuwa na njia ila ule waya mwembamba wa mafuta, ndiyo maana ukaungua.

"Mzee," nilisema, "naomba irudishwe kwenye magogo."

Vibarua walinitukana kwa lugha mbili.

"Unajua unachoomba?" Mzee Barasa aliuliza.

"Najua. Nikikosea, mpeleke polisi pamoja na mimi."

Aliniangalia, kisha akawaashiria watu wake. Iliposhuka juu ya magogo nilimwambia Wafula abonyeze. Tk. Nikakwangua rangi kwenye injini zote mbili, nikachukua mtaimbo mmoja, nikaulaza kutoka ya kulia hadi ya kushoto, nikaukandamiza.

"Bonyeza."

Ikanguruma.

Makokha alivua kofia, akapanda ndani mwenyewe. Aliizima. "Ondoa hiyo kitu." Akabonyeza: tk. "Weka." Ikawaka. Akarudia tena, kama mtoto aliyepewa filimbi, mpaka Mzee Barasa akamwambia inatosha.

"Mwombe kijana msamaha."

"Si nilikuwa nalinda mali yako, mzee?"

"Makokha."

"Haya. Kijana, nisamehe. Na safari ya ziwani utakaa mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma na mizigo, kama mbuzi."

Nilikata kipande cha waya mnene, Wafula akakifunga kati ya injini mbili. Alasiri mashua ilikuwa juu ya lori la Mzee Barasa, imelazwa juu ya mbao tupu, na injini zote mbili ziliitika. Wafula alikuwa ameshapanda mbele. Nilitoa spana ili nijaribu nati ya waya ule kwa mara ya mwisho.

"Kaka," aliniita dirishani, "nimekaza."

Nikairudisha spana mfukoni bila kuigusa nati. Lori lao likashika njia ya ziwani.

Safari ya kurudi, kitanda cha chuma, mali ya karakana, kiligonga nyuma yetu njia nzima. Kiminini nilishuka na Njoroge, nikaketi, nikanywa chai hadi ikaisha.

Nililojifunza ni dogo, nalitumia hadi leo: kitu kikikataa kwenda, kabla ya kutafuta mwizi natafuta kwanza kilisimama juu ya nini siku kilipokwenda. Nilitamani kumweleza Nekesa hivyo, lakini tulipofika Kitale alikuwa kando ya barabara, na alipoona nimeshuka peke yangu, debe la maji lilimtoka mkononi.

"Nilikuambia usirudi bila yeye!"

"Amekwenda kuendesha mashua," nilisema.