Mlo wa Masikio

Tangu fundi cherehani wetu afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo ili apungue mwili, mlo wake wa mchana ni kikombe cha supu, anachokinywa kwa kijiko cha chai, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Hamu ikimshika, husogeza kiti karibu na sahani yangu na kufumba macho. "Haya mwenzangu, nisimulie." Namsimulia, anameza mate, anatabasamu, anarudi kwenye cherehani akiimba. Juzi nilimwonea huruma, nikamwambia kuku wa leo hana chumvi, kakauka kama kuni. Alivuta harufu, akafumbua jicho moja.

"Madaktari wamenikata tumbo. Wewe usinikate masikio."

Nikaanza upya, kuanzia ngozi.