Bigijii Mbele ya Mkwe

Kama mtu angeniambia kwamba iko siku nitamwona dada Magreti anatafuna bigijii, tena mchana kweupe, ningemwambia akapimwe malaria kwanza. Huyu ni mwanamke aliyewahi kusimamisha mazoezi ya kwaya nzima kwa sababu binti mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anatafuna. Hakumfokea. Alifunga kitabu, akakunja mikono, akamtazama yule binti mpaka akatoka mwenyewe kwenda kutema. Tuliporudi kwenye wimbo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuimba.

Mimi na yeye ni majirani hapa Mabwerebwere, Kilosa, tangu watoto wetu wanatambaa. Nyua zetu zinapakana, chumvi ikiniishia nakata njia ya uani wala sibishi hodi. Kwa hiyo nikisema adabu zake zinachosha, nasema kwa mapenzi. Kwao ni Mamboya, kule milimani. Alikuja Kilosa akiwa bibi harusi, akafiwa na mume mapema, akauza mchele na maharage sokoni mpaka binti yake wa pekee, Lightness, akamaliza chuo cha ualimu. Miaka yote hiyo sijapata kumwona anakula amesimama.

Na mbele ya mkwe ndiyo usiseme. Lightness aliolewa na Yared, dereva wa magari ya watalii kule Mikumi, kijana mpole mwenye heshima zake. Kila akija, dada Magreti anamwandalia sebuleni chakula cha kushiba, halafu yeye anakwenda kula jikoni, mlango ameurudishia. Ndivyo alivyolelewa kwao, mama mkwe haonyeshi mdomo wake ukitafuna. Nilikuwa namtania kwamba Yared anadhani yeye anaishi kwa maombi tu. Hacheki.

Basi Lightness akaja kujifungulia kwa mama yake, maana ndio uzazi wake wa kwanza. Mtoto akawahi. Njiti, wa kike, mdogo mpaka niliogopa hata kumpumulia. Wakamwita Tumwagile, jina la mama yake Yared, ambaye wazazi wake walitoka Tukuyu kuja kukata mkonge huku kwetu. Walikaa sana hospitali, na waliporuhusiwa walipewa onyo moja: mapafu ya mtoto bado machanga, na mafua ambayo kwa mtu mzima ni ya kupenga tu, kwake yanaweza kumwondoa.

Hazikupita siku nyingi, dada Magreti akaanza kupiga chafya.

Jamani, sijawahi kuona mtu anajichukia kwa sababu ya pua yake. Kuondoka hawezi, maana Lightness alijifungua kwa upasuaji na kidonda bado kibichi, maji ni mama, nepi ni mama, uji ni mama. Mimi ningemsaidia, lakini kwangu nina wajukuu watatu wanaorudi shule na makamasi kila siku Mungu anayoileta. Ikawa hakuna mwingine. Akajifunga kitenge chake akaenda kituo cha afya, nami nikamsindikiza.

Pale tulimkuta nesi Doris, ambaye alikuwa kwenye kikundi cha utafiti. Akatueleza kuna bigijii imetengenezwa maalumu. Ukiwa na mafua unaitafuna kila unapokaribiana na watu, na ile dawa iliyomo inakusudiwa kuvinasa virusi humohumo kwenye mate, visitoke na maneno yako kwenda kwa mwenzako. Haikuponyi wewe. Unatafuna kwa ajili ya aliye mbele yako. Akasema pia, bila kuficha, kwamba kama inafanya kazi kweli bado hawajui, ndiyo maana wanatafiti. Nusu ya pakiti zina dawa na nusu ni bigijii tupu, na nani kapata ipi hata yeye Doris hajui. Barakoa na kunawa mikono viko palepale, hivyo havina mjadala.

Dada Magreti aliuliza swali moja tu, kama ni lazima kutafuna mbele za watu. Doris akacheka, akidhani ni utani.

Nyumbani alianza kwa bidii. Akiingia chumbani kwa mtoto, barakoa usoni, bigijii mdomoni. Na hata humo, haki ya nani, alikuwa anageukia ukutani kutafuna, eti asimvunjie mtoto heshima! Mtoto mwenyewe hajui kushoto wala kulia. Alisema ladha yake ni ya muarobaini uliotiwa sukari. Lakini akija mgeni tu, sauti ya "hodi" ikasikika mlangoni, bigijii inatoka inawekwa kwenye kisosi, barakoa inashushwa kidevuni. Shikamoo itaitikiwaje na mtu anayetafuna? Na mgeni utamfungiaje uso, ajione ananuka? Wageni wenyewe walikuwa wa mlangoni, wanatoa hongera na kuondoka, nikanyamaza.

Ndipo akaja Yared kutoka Mikumi, kapata mapumziko, mara ya kwanza kumwona mwanawe nje ya hospitali. Dada Magreti alimpokea kama askofu. Kisosi kikafanya kazi yake, barakoa ikaingia mfukoni kabisa. Wakakaa sebuleni, viti vimekaribiana, wakazungumza habari za kazi, habari za ndovu walioingia mashamba ya watu, habari za ubatizo. Mazungumzo ya adabu, marefu, uso kwa uso. Mimi nilikuwa uani naanua nepi, nawaona dirishani. Alipotoka kuchukua chai nikamshika mkono.

"Dada, na dawa je?"

Akanitazama kama mtu niliyemwambia avue nguo barabarani.

"Dawa ni ya mtoto, Fausta. Yule ni mkwe."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini, na kijana yuko hatua chache ananywa maji? Yared akamaliza chai, akanawa mikono vizuri kama alivyofundishwa, akavua shati, akamlaza mwanawe kifuani ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyoelekeza. Alifanya hivyo siku zote alizokaa. Asubuhi ya kuondoka alikuwa anapenga kamasi.

Alipokuwa amekwisharudi kazini, mtoto aliacha kunyonya. Mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Lightness alilia njia nzima ya kwenda hospitali, na dada Magreti hakulia hata tone, jambo lililonitisha zaidi. Wakamwekea mtoto oksijeni. Sisi tukakaa kwenye benchi nje. Akija mtu kumsalimia anaitikia vizuri, anauliza habari za nyumbani, kumbe ndani anaungua. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wanasema, lakini huyu alichelea mkwe kuchukizwa, na sasa ilikuwa zamu ya mjukuu kulipa. Hilo sikumwambia. Lilinijia mdomoni nikalimeza.

Yared alifika jioni, macho mekundu, na kabla hatujasema lolote akaanza kujishtaki mwenyewe ili atutetee sisi. Alisema mafua aliyaleta yeye. Eti kwenye gari alibeba wageni waliokuwa wanakohoa, tena na basi la kuja Kilosa lilijaa, mama asijisumbue moyo. Alisema akitazama chini, kwa heshima zote. Huenda ni kweli, huenda alikuwa anamfunika tu, mpaka leo sijui. Lightness aliinua uso akamtazama mama yake. Pale palikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea, na mimi ningetokea, nasema ukweli wangu.

Dada Magreti akasema, "Ulipofika kwangu ulikuwa mzima, baba. Nilikuwa na dawa mkononi, nikakuonea haya."

Lightness alihama benchi, akakaa peke yake, na kwa muda wote waliokuwa pale hospitali aliongea na mama yake maneno ya lazima tu.

Tumwagile akapona. Taratibu, kwa kupanda na kushuka, lakini akapona, na siku alipotolewa oksijeni nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja. Dada Magreti alikuwa bado ana kikohozi cha mwishomwisho, na pakiti bado ina bigijii. Doris alipopita kumjulia hali alimkumbusha kwamba yake inaweza kuwa ile isiyo na kitu. Nikamwuliza dada, kwa hiyo utajidhalilisha kwa sukari tupu? Akasema asiyejua yuko upande gani afanye kama ana dawa. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Jumamosi, mtoto akiwa amekwisharudi nyumbani, Yared akaja tena kutoka Mikumi. Safari hii na yeye alikuwa na barakoa yake. Alisimama mlangoni, akasema shikamoo mama. Dada Magreti alikuwa amesimama katikati ya sebule, mtoto amemkabidhi Lightness, na mkononi ana bigijii. Akaiweka mdomoni, akaanza kutafuna. Yared aliinamisha kichwa haraka, akageuza uso kule barabarani, kama mwana mwenye malezi anavyopaswa.

"Geuka, baba," dada Magreti akasema. "Nitazame."

Kijana akabaki vilevile.

"Nitazame ninavyotafuna. Ukinionea haya, na mimi nitaona haya, na mtoto ndiye atakayekosa pumzi."

Yared akainua macho. Nilimwona Lightness naye anamtazama mama yake, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Dada Magreti alitafuna mbele yao wote, machozi yanamtoka, mpaka ile bigijii ikalainika. Kisha akafunga barakoa, akaitikia marahaba, akamwonyesha mkwe wake mahali pa kukaa. Lightness akasogea, akamwekea mama yake mtoto mikononi.