Kidole cha Mtani

Euphrasia, Mama Dorah, ni fundi cherehani wa Nyasubi, hapa Kahama. Ukiwa na haraka usimpelekee nguo, maana akiona mshono umekwenda upande ataufumua wote, hata kama wewe mwenyewe umeridhika. Mimi ni jirani yake, nauza vitenge, na nasema wazi: tabia hiyo ndiyo iliyomponza mwaka huu.

Jioni anacheza mpira wa magongo. Ndiyo, magongo. Mwalimu Bernadina ndiye aliyetuletea mchezo huo. Mwanzoni tulicheka kuona watu wazima wakikimbiza kimpira kwa fimbo zilizopinda, lakini haukupita muda Nyasubi tukawa na timu ya kina mama, na Euphrasia akawa beki. Majirani zetu wa mji wa Masumbwe nao wakaunda ya kwao, na ya kwao ilikuwa na Asteria.

Asteria ni msusi, Mngoni wa Songea aliyemfuata mumewe machimboni. Wangoni na sisi Wasukuma ni watani. Mtani atakutukana mbele za watu, atakunyang'anya kitu chako mpaka umlipe faini, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Kila akija Nyasubi kununua nywele za kusukia, Asteria lazima apite kibarazani kwa Euphrasia.

"Mtumwa wangu, ng'ombe wamekula?"

"Wamekula. Na nyie pombe imewaruhusu kuamka?"

"Babu zangu walikuja huku na ngao, wakawakuta mmejificha nyuma ya ng'ombe haohao!"

Basi wanacheka, wanakunywa chai, na mshono unasubiri.

Mwaka huu yakaandaliwa mashindano ya kombe, fainali ikatukutanisha na Masumbwe, uwanja ukajaa. Hadi mapumziko tulikuwa nyuma mabao mawili, yote ya Asteria. Alikuwa akimpita Euphrasia kama anaingia chumbani kwake, na kila akimpita anapaza sauti: "Pisha, mtumwa!" Watu wakawa hoi kwa kicheko, watu wetu wenyewe wakiwemo. Nilimtazama Euphrasia. Alikuwa anatabasamu kwa sababu utani unataka utabasamu, lakini macho yalikuwa mekundu. Alikasirika. Kwa mtani!

Kipindi cha pili Asteria akaja tena, akautoa mpira kwa mwenzake upande wa kulia. Mpira ulikuwa umeshaondoka, na refa ameufuata kwa macho, Euphrasia aliposhusha gongo lake kwenye vidole vya Asteria.

Sauti ya pigo lile ilifika tulipokaa. Refa akageuka, akapuliza filimbi, akaja mbio mkono ukiwa mfukoni kutafuta kadi. Asteria alikuwa amechuchumaa, mkono wa kulia kaubana kwapani, machozi yanamtoka. Akainuka na machozi yake, akacheka.

"Muache, refa! Huyu ni mtumwa wetu. Kazoea kuchapa ng'ombe, gongo halijui!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Refa naye akacheka, na kadi ikabaki mfukoni.

Hapo ndipo mechi ilipogeuka. Asteria hakuweza tena kukaza gongo. Kila mpira aliopewa ulimponyoka. Wenzake nao wakawa wanayaangalia magongo yetu kuliko mpira, tukikaribia tu wanarudisha mikono. Mtu anayeogopea vidole vyake hafungi bao. Tukarudisha la kwanza, la pili, na dakika za mwisho tukapata la tatu na kombe. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na simwombi mtu radhi.

Euphrasia hakushangilia. Habari zikaja kutoka Masumbwe kwamba mfupa wa kidole umevunjika, kimefungwa plasta, na Asteria hasuki; wateja wake wanakwenda kwa wengine. Hakuna aliyemlaumu Euphrasia, si huku wala kule. Wote walisema ni ajali ya watani. Yeye akawa anakaa kwenye cherehani bila kushona, mguu umekufa juu ya pedali.

"Jirani, wewe si uliona?" akaniuliza siku moja.

"Niliona nini? Mchezo ndivyo ulivyo."

"Mpira ulikuwa umeshaondoka."

"Sasa? Mwenyewe amekusamehe."

"Amesamehe asichokijua."

Nikamwambia, mayu, mama yangu, mpelekee kuku, akutukane kidogo, yaishe, na mdomo wako ufunge. Mpaka leo naona ulikuwa ushauri mzuri.

Jumapili nikamsindikiza. Tulimkuta Asteria uani kwake na majirani zake, mkono umefungwa mpaka kiganjani. Alipotuona akapiga ukelele wa furaha.

"Leteni kamba! Mtumwa amekuja kujisalimisha!"

Kuku akanyakuliwa kama faini. Watu wakacheka, tukaletewa viti, na Asteria akaanza kusimulia jinsi Wasukuma tunavyocheza magongo kama tunaswaga ng'ombe mtoni. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa naomba Mungu Euphrasia aendelee kukaa hivyohivyo.

"Asteria," akasema, "haukuwa utani."

"Nini?"

"Ulinicheka, nikakasirika. Nilikiona kidole chako. Mpira ulikuwa umeshakwenda, mimi nikapiga kidole. Nilikusudia."

Asteria alimtazama kwa muda, akisubiri, nadhani, neno la kuchekesha lifuate. Halikufuata. Euphrasia alikuwa analia, na aibu ile niliisikia mwilini mwangu mimi niliyekuwa shahidi tu. Angetukanwa wakati ule, hata angepigwa, naamini angeshukuru.

Asteria hakumtukana. Alimwendea yule kuku, akamfungua kamba kwa mkono wa kushoto, taabu tupu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamweka mapajani mwa Euphrasia.

"Huyu rudi naye. Faini wanalipana watani."

Tukasimama kuondoka. Sisi watatu ni wa rika moja, na Asteria hajawahi kumwamkia Euphrasia kwa adabu hata mara moja. Alitusindikiza mpaka barabarani kama mwenyeji mwema, akasubiri gari pamoja nasi. Gari liliposimama akapiga goti kidogo mbele ya Euphrasia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Msalimie Dorah."

Euphrasia akaniangalia mimi kwanza, kama kwamba ningeweza kuitikia kwa niaba yake.

"Marahaba," akasema.