Sanduku Lililochelewa

Mimi si mtu wa kutulia. Kaka yangu alizoea kunitania kwamba nimekalia siafu, na hata siku ya msiba wake sikukaa. Maiti yake ililetwa kwetu Bwera, mpakani, asubuhi na mapema kutoka Kasese, ambako presha ilimwangusha akiwa njiani na lori lake la chumvi ya Katwe. Nikawa naingia jikoni, natoka, naulizia sanda, nawafokea waliokwenda kuchota maji wakakawia. Imamu alisema azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna mbio za kukimbia.

Mjane wake, wifi yangu, ni Mkatoliki wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alikimbia bunduki za kwao akaja kuuza vitenge mpakani, wakapendana na kaka, kila mtu akabaki na dini yake. Asubuhi ile alinishika mkono katikati ya purukushani, akanipa simu yake.

"Wifi, pigia bakaka yangu. Miye sauti haitoke."

Nikaifunga kiunoni kwenye kanga. Hawa wakiambiwa, nikawaza, wataomba tuwasubiri, watataka nyimbo na picha, na jua halisubiri mtu. Niliwapigia kaka akiwa ameshafukiwa.

Kesho yake wakafika na pikapu, nyuma wamefunga sanduku la mbao nzito, limepakwa vanishi likang'aa. Katika ukoo wao ndugu wa mke ndio humnunulia shemeji yao sanduku la kuzikiwa. Walijua kaka ni Mwislamu, kwa hiyo waliung'oa msalaba kwenye kifuniko kwa heshima yetu, matundu ya misumari yakabaki. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sisi tunazika kwa sanda tu. Niliyaona matundu yale nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kaka mkubwa wa wifi hakutaka hata kukaribishwa ndani.

"Mulimuzika mbio vile, sawa mutu asiye na bashemeji? Basi dada yetu hana mutu hapa. Tunamurudisha kwetu na batoto."

Kwao, kwenye bunduki zile zile. Watoto watatu walikuwa wamemng'ang'ania mama yao sketi.

"Shemeji, mtandao ulikatika tangu alfajiri," nikasema. "Ulirudi tumeshazika."

Wifi aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, nikatamani kwenda kuosha sufuria, kufagia, chochote. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Ni kweli, kaka. Rezo ya simu haikukuwa."

Yule kaka yake akaketi chini uani, akalia.

Waliondoka bila dada yao. Sanduku walituachia, maana kwao likirudi tupu linaita maiti mwingine. Fundi alilipasua akatengeneza benchi, liko barazani kwa wifi, watoto hufanyia hapo kazi za shule. Kila nikienda ananiambia, "Ikala, wifi," ananiletea chai. Nakaa, kidole kinayatafuta matundu ya misumari, nasimama. Sijawahi kuimaliza chai hiyo.

Kukiri sijakiri, wala yeye hajaniuliza. Asubuhi ile, kabla hatujazika, simu yake iliita mara tano kiunoni mwangu, watu wa Kasese wakitoa pole. Yeye alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili kutoka nilipokuwa.