Viatu vya Shule Katika Safari ya Pwani

Juzi binti yangu alikuwa akipanga safari ya Mombasa kwenye simu, akasema tupite njia za ndani kwa sababu ndizo zenye mandhari. Papo hapo nikasikia harufu ya karanga zikikaangwa nyumbani kwetu Namuwongo, Kampala.

Ilikuwa mwaka 1976, nikiwa mtoto. Alasiri ile Mama alikaanga karanga za safari huku garimoshi likipita nyuma ya nyumba. Baba, Mkenya aliyekuwa karani wa gereji, alifungua atlasi yangu mezani akachora kwa penseli njia nyembamba mpaka mpakani, kisha mpaka baharini.

"Kwa nini tusipite barabara kubwa?" nilimuuliza.

"Ile ina askari tu, mwanangu. Huku utaona chai, utaona miwa."

Nilifurahi kuwa na baba anayependa mandhari. Sikujua kwamba kwenye vizuizi vya barabara kubwa Wakenya, ambao serikali iliwaona maadui mwaka ule, walikuwa wakishushwa garini, na wengine hawakupanda tena. Hata Mama alipoitoa picha ya harusi ukutani, nilidhani anataka bahari iione.

Viatu vyangu vya shule nilivisukuma chini ya kitanda, visije vikaharibiwa na mchanga wa pwani. Mama aliviona, akainama, akavitia kapuni chini ya mfuko wa karanga.

"Huko nako kuna shule," alisema bila kuniangalia.

Nilimwonea huruma. Likizo yote ile mbele yetu, na yeye anawaza shule.