Nilivyopunguziwa Storage Busia

Nichekeni, lakini polepole. Mimi ni clearing agent wa mizigo hapa mpakani Malaba, na kwetu storage ni pesa unazotozwa mzigo ukilala yadi. Kupunguza storage ndiyo kazi inayonilisha.

Binti yangu Nekesa anaingia chuo, na nilimwahidi tablet ya bei nafuu. "Baba, angalia sana storage na port," akaniambia. Nilifurahi: mtoto amerithi kazi! Nikaapa hakuna duka litakalonibebesha storage.

Busia mjini, dada muuzaji akaniletea moja. "Hii storage ni sitini na nne, boss."

Nikajua ni siku. "Mzigo wenu ulale siku zote hizo, nilipie mimi? Punguza!"

"Storage haipunguzwi, boss."

"Dada, unaongea na mtu wa mpaka. Hakuna storage isiyopunguzwa." Nikakunja mikono, nikagoma kuondoka. Alipochoka, akachomoa nyingine yenye vumbi chini ya kaunta.

"Basi hii ni nane tu."

"Umeona? Na port?"

"Moja tu, iko hapo chini."

Chini ni bandarini Mombasa, kila dereva wa lori anajua. Nikalipa, nikampigia Nekesa papo hapo, tena kwa loudspeaker, duka lote lisikie mtu anayejua kazi.

"Nekesa! Nimewashusha storage kutoka sitini na nne mpaka nane!"

Wateja wakageuka.

"Baba, storage ni nafasi ya kuweka vitu ndani ya tablet. Sasa vitabu vyangu vitalala wapi? Yadi?"